Si Gari, Baba

Pigo la kwanza lilimpata Bingwa shavuni, akiwa bado ameshika mlango wa gari lake, akapiga magoti. La pili lilimpata sikioni. La tatu, Tabasamu aliinua helmeti kwa mikono miwili akaishusha kama mtu anayetwanga, na watu waliosimama juu ya kilima wakasikia mlio wake kabla hawajaelewa wanachokiona.

"Umemuua," Tabasamu alisema. "Umemuua. Umemuua."

Hakuwa anapayuka. Aliyasema kwa sauti ya kawaida, huku damu ikimtoka kwenye nyusi na kuingia ndani ya kola. Ilibidi watazamaji wanne wamshike kumtoa pale, na mmoja wao alirudi kilimani na alama za meno mkononi.

Mtu mmoja kilimani alikuwa na simu. Video yake ilikuwa ya sekunde kumi na tisa, na ilianza helmeti ikiwa tayari hewani. Kufika saa sita mchana nchi nzima ilikuwa imeiona: yule dada wa tangazo la dawa ya meno, yule mwenye uso uliobandikwa kwenye kila kituo cha basi, akimtwanga bingwa mara tatu wa rali, mtu ambaye kila mmoja alijua ndiye mume wake wa zamani.

Kilichotokea dakika sita kabla ya hapo hakuna simu iliyokinasa.

Asubuhi hiyo magari yaliachiwa kwa kupishana dakika mbili. Bingwa alitangulia, Tabasamu akafuata. Kwenye kilomita ya kumi na tano tairi la Bingwa lilipasuka, na kilomita nne baadaye Tabasamu alikuwa ameshaingia kwenye vumbi lake. Sheria inamtaka aliyepunguza mwendo ampishe wa nyuma. Bingwa hakumpisha. Alikwenda katikati ya njia, kulia akiziba, kushoto akiziba.

"Mbele kuna korongo kavu," Mwalimu alisema kwenye kipaza sauti cha helmeti. "Njia inapanuka mita sitini. Pita hapo."

Mwalimu alikuwa msoma ramani wake. Siku za kazi alifundisha hesabu sekondari. Siku za rali alikaa kushoto kwa Tabasamu na daftari mapajani, akimtajia kila kona kabla haijaonekana. Kwa miaka mitatu Tabasamu alikuwa ameiendesha roho yake kwa sauti ya mtu huyo. Alipita korongoni, gari likaruka, likatua, na vumbi la Bingwa likabaki nyuma.

"Kulia tatu, inabana, usikate," Mwalimu alisoma mara tu baada ya korongo.

Tatu ni kona kali; namba ikipanda, kona inalegea. Tabasamu alikanyaga breki, na papo hapo akagongwa kwa nyuma. Aliliona lile gari kwenye kioo: halikuwa limeshindwa kusimama. Injini yake ilikuwa inanguruma, dereva wake amekanyaga mafuta hadi mwisho. Likamgonga mara ya pili. Gari la Tabasamu likageuka ubavu, likakumbana na jiwe, likapinduka mara nne. Mwalimu, kwa mazoea ya kazi yake, alizihesabu.

Walitulia wakiwa wananing'inia kwenye mikanda, vichwa chini, vioo vimejaa mdomoni kama mchanga.

"Uko mzima?" Mwalimu aliuliza.

"Niko. Wewe?"

"Mguu siuelewi. Petroli inadondoka. Toka."

"Sikuachi."

"Toka kwanza, unifungulie kwa nje. Nakupenda. Toka."

Aliyasema yote kwa sauti ileile ya kusomea kona. Tabasamu alikipiga teke kioo cha mbele mpaka kikang'oka, akatambaa nje, akazunguka, akamfungua mkanda na kumvuta kwa makwapa. Mfupa wa paja ulikuwa umetoboa ovaroli. Mwalimu alipiga yowe moja refu, kisha akanyamaza, macho yakageuka meupe. Tabasamu akadhani amekufa. Akainua kichwa, na hatua hamsini mbele akaliona gari la Bingwa limechomeka pua mtaroni, na Bingwa mwenyewe anashuka, anajipangusa vumbi mikononi.

Ndipo alipoiokota helmeti.

* * *

Jumapili alasiri alikuwa kwenye benchi la korido hospitalini, nyusi imeshonwa nyuzi tisa, vidole viwili vimefungwa pamoja kwenye gango. Mwalimu alikuwa ametoka chumba cha upasuaji usiku uliopita na vyuma vinne mguuni, akisubiri upasuaji wa pili.

Pembeni yake alikaa dada wa kampuni ya dawa ya meno. Kazi yake ilikuwa kuiangalia sura ya Tabasamu mbele za watu: avae nini, acheke wapi, akiulizwa hili ajibu lile. Hata jina la Tabasamu ni yeye aliyelibuni, na sasa hata jirani zake walimwita hivyo.

"Si jambo la kufa mtu," dada alisema, akafungua faili. "Kamati ya nidhamu inakaa Alhamisi. Tumeshapata njia. Ulipata mshtuko wa ajali, ukachanganyikiwa, hukujua unachofanya. Utaomba radhi, Bingwa atakubali, mtashikana mikono, picha itapigwa. Watu wanapenda kusamehe mtu mzuri."

"Haikuwa ajali. Alinigonga makusudi. Mara mbili."

"Nani aliona?"

"Mimi. Mwalimu. Na yule msoma ramani wa Bingwa."

"Yule amesema macho yake yalikuwa kwenye daftari." Dada alichomoa karatasi moja. "Na Mwalimu ameshaandika maelezo yake. Asubuhi. Nimempelekea mwenyewe na ameweka sahihi."

Tabasamu aliisoma. Ilikuwa mistari mitano. Mimi, msoma ramani, nilikosea kusoma kona. Nilisema kulia tano badala ya kulia tatu. Dereva aliingia kwa kasi kwa kosa langu, akapoteza mwelekeo, na gari lililokuwa nyuma halikuwa na pa kukwepea.

Alihisi ule mshono wa nyusi ukimvuta.

"Ulimwambia nini mpaka akaandika hivi?"

"Ukweli. Kwamba tukianza kusema makusudi, polisi wataingia, wataanza kuuliza ya ndoa yenu, na hakuna mama atakayemnunulia mwanawe dawa ya meno yenye picha ya mwanamke wa kesi. Nilimwambia utapoteza kila kitu. Mwenzako anakujali kuliko unavyojijali."

Mlango wa lifti ulifunguka akatoka Baba, fimbo mkononi. Alikuwa dereva wa malori miaka thelathini na mbili, mikono yake mipana kama sepetu, na hakuwahi kupinduka hata siku moja, jambo ambalo hakuacha mtu alisahau. Dada wa kampuni alimwamkia, akakusanya faili lake na kuondoka kwa adabu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Huo uso." Alikaa kwa tabu. "Nimeiona hiyo picha ya simu. Jirani kaniletea kabla sijanywa chai. Mwanangu, yule alikuwa mume wako. Alinilisha mezani kwake. Mpaka leo akinipigia simu ananiita Mzee."

"Najua, Baba."

"Na yote kwa ajili ya huyo mwalimu wa hesabu." Alielekeza kidevu kwenye mlango wa wodi. "Mwanamume mzima anaendeshwa na mwanamke, kakaa kiti cha abiria kama mfuko wa maharage. Ukimwoa huyo, maana naona wewe ndiye utakayemwoa, mimi usiniite."

Siku nyingine angemcheka. Alimshika tu Baba bega, akanyanyuka na ile karatasi mkononi, akaingia wodini.

* * *

Mwalimu alikuwa macho. Mbavu zake zilikuwa zimefungwa, mguu umenyooshwa kwenye fremu, midomo imekauka. Alipomwona alijaribu kujiinua, akakunja uso, akarudi chini.

"Umekuja," alisema.

"Tano?"

Mwalimu aliitazama karatasi, kisha dari.

"Nimekuuliza. Ulisoma tano?"

"Nilisoma tatu."

"Hii hapa imeandikwa tano. Mtu anayesahihisha madaftari mia mbili kwa wiki. Umeandika tano kwa mkono wako mwenyewe."

"Naomba ukae."

"Sikai."

"Basi usipige kelele, huyu wa kitanda cha pili ameshonwa tumbo."

Mgonjwa wa kitanda cha pili akasema haina neno, wao waendelee tu. Tabasamu alivuta pazia.

"Sikiliza," Mwalimu alisema kwa sauti ya chini. "Mimi nina darasa langu. Wakininyang'anya leseni ya kusoma ramani, nikipona naingia darasani kama kawaida. Na huu mguu si wa kukaa kwenye gari mwaka huu. Wewe huna kitu kingine. Tangu una miaka kumi na tisa huna kitu kingine. Nimepiga hesabu."

"Umepiga hesabu yangu bila mimi."

"Ulikuwa unashonwa."

"Usinichekeshe." Akauficha mkono wenye gango kwapani. "Unajua nilipoteza vipi lile jino la mbele?"

Mwalimu alijua kuna pengo chini ya lile la bandia. Huwezi kukaa miaka mitatu kwenye gari moja na mtu usijue.

"Uliniambia ni mazoezi. Usukani."

"Niliambia kila mtu ni usukani. Mbavu, nikasema mkanda. Jicho, nikasema kokoto. Miaka minne nimekaa kwenye nyumba ya yule mtu, na kila daktari, kila shangazi, kila mwandishi wa habari nilimwambia ni gari. Nani angeshangaa? Dereva wa rali ana michubuko, si ndiyo kazi yake? Hakuna mwanamke aliyekuwa na kisingizio kizuri kama changu. Yeye mwenyewe alikuwa akinikumbusha. Akimaliza ananawa mikono, anasema, haya, leo uliteleza kona gani."

Mwalimu alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa mekundu.

"Hukuwahi kuniambia."

"Kwa sababu ndani ya lile gari ndipo mahali pekee ambapo yeye hakuwepo. Nikifunga mkanda, wewe ukisema kushoto sita, ndefu, inafunguka, nilikuwa napumua. Sikutaka kumwingiza mle." Aliiweka ile karatasi juu ya kifua chake, juu ya bandeji. "Na sasa ameingia. Alijaribu kutuua wote wawili, na wewe umemwandikia kisingizio. Mimi nilisema ni gari. Wewe umesema ni daftari. Amepata mtu wa pili wa kumdanganyia."

"Nilidhani ndivyo mtu anavyofanya," Mwalimu alisema. "Akipenda."

"Ulisema unanipenda nikiwa kichwa chini na petroli inadondoka."

"Niliona huenda nisipate nafasi nyingine."

"Haya, nafasi hii hapa, na hakuna petroli. Lakini sitaki kupendwa kwa kufichiwa. Nimefichwa vya kutosha." Alisogea kando ya kitanda. "Ukinipenda, sema tatu."

Alimtazama. Kwa miaka mitatu hawakuwa wametazamana hivi. Garini kila mtu hutazama mbele. Mwalimu alikuwa na kovu dogo kwenye kidevu ambalo Tabasamu hakuwahi kuliona kwa sababu ya mkanda wa helmeti. Alinyoosha kidole kimoja kizima akaligusa. Mwalimu akageuza uso, akaubusu ule mkono penye gango, pole sana, kama mtu anayeogopa kuongeza maumivu.

"Nitalipa kwa kusema uongo kwenye maelezo," alisema. "Watanifungia."

"Watakufungia."

"Na wewe watakufungia kwa ile helmeti."

"Na mimi."

"Basi tutakaa nyumbani," Mwalimu alisema, na alipotaka kucheka mbavu zikamkatalia.

* * *

Tabasamu alipotoka wodini alimkuta Bingwa koridoni. Shavu lilikuwa limevimba likawa la zambarau, sikio limefungwa bandeji, na mkononi alikuwa na shada la maua lililofungwa kwa karatasi ya kung'aa. Mpiga picha wa gazeti alikuwa ameachwa ngazini, asubiri kuitwa. Baba hakuwa kwenye benchi. Fimbo yake ilikuwa imeegemezwa ukutani karibu na mlango wa choo.

"Mke wangu," Bingwa alisema.

"Si mke wako. Ondoka."

"Nimekuja kukusamehe. Dada wa kampuni ameniomba. Tunapiga picha moja, unashika maua, unacheka ile yako ya bango. Yameisha."

"Sipigi picha na wewe."

Bingwa alitabasamu, na kwa mkono uliokuwa huru akamshika kiganja, kile chenye gango, taratibu, kama mtu anayempa pole mgonjwa. Aliyekuwa mbali angeona mapenzi. Kisha akavikunja vile vidole viwili kwa nyuma.

Tabasamu hakulia. Aliteleza ukutani polepole mpaka magoti yakagusa sakafu.

"Umenipiga mbele za watu," Bingwa alimnong'oneza, uso umemkaribia kabisa. "Unajua mimi sijawahi kukupiga mbele za watu? Hata mara moja. Nilikutunzia heshima yako. Alhamisi utapiga magoti hivihivi mbele ya kamati, la sivyo huyo kilema wako namalizia kile kilichobaki. Leo uliteleza kona gani?"

"Mwachie."

Baba alikuwa amesimama mlangoni mwa choo, mikono bado inachuruzika maji. Hakuna aliyejua alikuwa pale kwa muda gani.

"Mzee," Bingwa alisema, akiuachia ule mkono, "tulikuwa tunazungumza tu mambo ya..."

Hakumaliza. Baba hakuihitaji fimbo. Alimshika koo kwa mkono mmoja akamgandamiza ukutani mpaka kabati la kizimamoto likapasuka kioo, maua yakamwagika, na visigino vya Bingwa vikaanza kuuponda ukuta. Mzee wa miaka sitini na tisa, mikono iliyofunga minyororo ya malori maisha yake yote. Hakusema neno. Alikaza tu, na uso wa Bingwa ukabadilika rangi kutoka nyekundu kwenda kwenye ile ya shavu lake bovu.

"Baba, muache. Baba, utafungwa."

Wauguzi watatu na mlinzi ndio waliomnasua. Bingwa alianguka juu ya maua yake akikohoa, akaondoka kwa kutambaa kwanza, kisha kwa kutembea, na mpiga picha aliyekuwa amepanda kusikia vurugu alimpiga picha mbili akiwa kwa miguu minne.

Baba alikaa kwenye benchi.

"Mara ngapi?" aliuliza bila kumtazama.

"Nini, Baba?"

"Yale uliyokuwa ukija nayo nyumbani. Mama yako, kabla hajafa, alikuwa akikukanda na maji ya moto, na mimi nakwambia jifunze kupunguza mwendo." Aligusa meno yake ya mbele. "Lile jino."

"Si gari, Baba."

"Ule mkono wa mwaka ule?"

"Si gari."

Mzee aliinama, akaviweka viganja usoni, akalia kama wanavyolia wanaume ambao hawajazoea, kwa pumzi zinazokwama. Tabasamu alikaa karibu naye, vidole vimevimba kama soseji, akalaza kichwa kwenye bega lake mpaka muuguzi alipokuja kumfunga gango jipya.

* * *

Alhamisi asubuhi chumba cha kamati kilijaa. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mwanasheria mwenye mafua, kaweka kitambaa chake cha mkononi juu ya kitabu cha sheria. Kulia alikaa Bingwa, suti, skafu shingoni kuficha alama za vidole. Kushoto walikaa Tabasamu na Baba. Dada wa kampuni alikaa nyuma na faili lake. Mwalimu aliingizwa kwenye kiti cha magurudumu, mguu na vyuma vyake umetangulia mbele kama bomba la lori la mafuta, na watu walilazimika kusogeza viti.

"Maelezo yako tunayo," mwenyekiti alimwambia. "Unayathibitisha?"

"Nayafuta," Mwalimu alisema. "Kona ilikuwa kulia tatu na nilisoma kulia tatu. Nafundisha hesabu mwaka wa kumi na moja huu. Tatu naijua."

Minong'ono ikapita. Mwenyekiti alipiga chafya, akaomba radhi.

"Kwa nini uliandika tano?"

"Nilidhani namlinda dereva wangu. Kumbe nilikuwa namlinda huyu." Hakunyoosha hata kidole, alitazama tu upande wa kulia. "Alitugonga mara mbili. Mara ya pili alikuwa ameshaona tumepoteza njia, akaongeza mafuta. Nilisikia injini yake kabla sijasikia yetu inakufa."

"Unajua kuandika maelezo ya uongo ni kosa."

"Najua. Niandikieni."

Ikaja zamu ya Tabasamu. Alisimama.

"Ulimpiga?" mwenyekiti aliuliza.

"Nilimpiga mara tatu. La kwanza silijutii. La pili na la tatu alikuwa ameshashuka chini, na hayo nayaombea radhi, kwa kamati na kwa watoto walioyaona. Kwake yeye siombi."

"Kulikuwa na ugomvi wa zamani kati yenu?"

Nyuma, dada wa kampuni alitikisa kichwa pole pole, akimsihi. Tabasamu aliingiza vidole mdomoni, akalizungusha jino la mbele, akalitoa, akaliweka juu ya kitambaa cha meza. Lilikuwa dogo sana, jeupe kuliko yote yaliyokuwa chumbani.

"Hili pengo alilifanya kwa kiwiko," alisema, na bila lile jino maneno yake yalipuliza kidogo. "Jikoni kwetu, saa nne asubuhi. Hospitali niliandika ajali ya mazoezi. Faili zangu za hospitali ziko saba na zote nimeandika mazoezi. Leo naziandika upya."

"Mwongo huyu," Bingwa alisema.

"Utapata nafasi yako," mwenyekiti alimwambia. "Kaa."

Hakukaa. Alipindua meza yake, akaikanyaga, akamwendea Tabasamu moja kwa moja, na yale yaliyomtoka mdomoni hayakuwa ya mtu mwenye suti. Yalikuwa ya jikoni. Alisema atamng'oa na yaliyobaki. Alisema angemalizia kazi pale kwenye kona. Alimfikia, akamshika nywele, akampiga ngumi moja ya mdomo mbele ya watu arobaini kabla walinzi wawili na Baba hawajamlaza sakafuni. Katibu wa kamati, mtu wa kuandika kila neno linalosemwa, aliandika na hilo la kona.

Tabasamu alitema damu kwenye kitambaa alichopewa na mwenyekiti. Alimwona Mwalimu anavuta magurudumu kwa nguvu zote kumfikia, mguu ule wa vyuma unagonga viti, jasho la maumivu linamtoka. Alipofika hakujua afanye nini. Akamshika mkono tu, hakuuachia.

Hukumu ilitoka mchana uleule. Tabasamu alifungiwa mwaka mmoja. Mwalimu miezi sita. Bingwa alinyang'anywa leseni moja kwa moja, na polisi wakamfunga pingu palepale, kwenye ngazi za jengo. Kampuni ilivunja mkataba kabla ya jioni, na Ijumaa mafundi wenye ngazi wakaanza kubandua mabango vituoni.

* * *

Ijumaa hiyohiyo, saa mbili asubuhi, Mwalimu alikuwa kwenye kitanda cha magurudumu akisubiri kuingizwa kwa upasuaji wa pili. Muuguzi alikuja na fomu.

"Ndugu yake nani hapa? Lazima na mtu wake aweke sahihi kabla hatujamlaza na dawa."

"Dada yangu yuko njiani," Mwalimu alisema. "Basi lake linafika saa tano."

"Daktari hawezi kusubiri saa tano."

Tabasamu alichukua kalamu. Mdomo wake ulikuwa umevimba, na asubuhi hiyo hakuwa amepaka kitu chochote usoni.

"Wewe ni nani wake?" muuguzi aliuliza. "Hapa pameandikwa uhusiano. Dereva siwezi kuandika."

"Andika mchumba."

Mwalimu aligeuza kichwa kwenye mto.

"Hukuniuliza."

"Nakuuliza sasa. Jibu haraka, daktari anasubiri."

"Mchumba," Mwalimu alimwambia muuguzi. "Kwa herufi kubwa."

Muuguzi aliandika, akajaribu kuficha kicheko, akageuza ukurasa.

"Na shahidi mmoja. Mtu mzima, asiwe mgonjwa."

Baba alikuwa amesimama dirishani, mikono nyuma. Kisha alikuja, akaitazama ile fomu kwa muda mrefu kama mtu anayekagua tairi, akampangusa binti yake tone la damu lililokuwa limerudi kwenye mdomo, na akaomba aonyeshwe mahali pa kuweka sahihi.